Bilha Ametoka Kidogo

Jumatatu, 10 Machi. Kitale

Nimenunua daftari hili kwa sababu nikisema ofisini yote ninayofikiria, nitafutwa kazi kabla ya Pasaka.

Kazi yenyewe ni hii. Hospitali yetu ina matawi mawili, moja hapa Kitale na lingine Bungoma. Ofisi ya wafanyakazi ina programu yake, famasi ina yake, barua pepe nazo ziko kivyake, na hakuna inayoijua nyingine. Mtu akiajiriwa anaandikwa upya kila mahali. Akiacha kazi, hakuna anayekumbuka kumfuta. Sasa umenunuliwa mfumo wa kukaa katikati na kujua nani ni nani, na mimi, Emmy Nelima, ndiye niliyepewa kuunganisha kila programu na mfumo huo kwa draiva. Draiva ni kipande cha programu kinachofanya kazi ya mkalimani. Kikisikia huku kwamba fulani ameajiriwa, kinakwenda kule kumfungulia akaunti. Kikisikia ameondoka, kinamfungia. Mama aliposikia nashughulika na draiva, aliitangazia Kamukuywa nzima kwamba nimekabidhiwa magari ya hospitali.

Bosi wangu ni Kipkoech. Ana kiti cha ofisi chenye magurudumu na sijawahi kumwona akikiacha. Leo amesema, bila kugeuka: "Tarehe kumi na sita Mei tunawasha. Akaunti yoyote isiyo na mtu kazini itajifunga yenyewe. Sitaki vijisababu." Nikafungua mdomo kuuliza swali, akavaa spika zake za masikioni.

Nikifaulu nitaajiriwa kwa kudumu. Nisipofaulu, mkataba wangu unaisha Juni. Basi.

Jumatano, 12 Machi

Vumbi. Draiva ya ofisi ya wafanyakazi imekataa kuwaka. Hata mimi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua! Imeshuka mchana kwa kishindo, na kina mama wa mtaa wa Kipsongo wanaouza nyanya kando ya lango letu wakakimbilia barazani wakicheka. Nami nilikuwa nacheka, maana draiva ya kwanza imewaka. Siku zote hizo tatizo lilikuwa cheti cha usalama kilichokwisha muda wake. Seva mbili zilikuwa zinakataa kuaminiana kwa sababu ya kitambulisho kilichooza. Nimekibadilisha, na majina ya wafanyakazi wa Kitale yakaanza kuingia moja baada ya jingine. Nikamwita Kipkoech aje aone. Akasema ameona kutoka pale alipo.

Alhamisi, 20 Machi. Bungoma

Nimekuja kuweka draiva ya famasi. Hii ndiyo niliyokuwa naiogopa. Programu ya famasi ni ya zamani na ni kaidi. Ndani yake kuna ngazi mbili tu. Kuna watu wa kawaida, wanaotoa dawa za malaria na za kikohozi, na kuna mkuu wa famasi, ambaye ni mmoja na ndiye peke yake anayeweza kuidhinisha dawa kali, kama morfini ya wagonjwa wa saratani. Bila idhini ya mkuu kwenye kompyuta, kabati la dawa kali halifunguliwi hata aje nani.

Nilipokelewa na Phelista, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na sauti ya chini. Alinisalimia vizuri, lakini kwa uso wa mtu anayengoja mgeni aondoke. Mwenzake anaitwa Daud, mtu wa mjini hapa hapa, aliyekulia nyuma ya msikiti. Huyo ni mcheshi. Aliniuliza kama Kitale bado watu wanalala na makoti matatu.

Kwenye skrini yao palikuwa pameandikwa: Karibu, Bilha Nasimiyu.

"Bilha ndiye mkuu wa famasi?" nikauliza.

Phelista akaanza kupanga chupa zilizokuwa zimepangika tayari.

"Ndiye," akasema.

"Yuko wapi? Nataka nimwonyeshe vile mambo yatabadilika."

"Ametoka kidogo."

Nikaona kiti kizuri mbele ya kompyuta, kimewekwa sweta ya rangi ya maruni mgongoni, nikakaa ningoje. Daud nusura aniangukie. "Ai, madam! Hapo hapana. Njoo ukae hapa, hii ndiyo ya wageni." Akaniletea stuli ya plastiki iliyopasuka. Nikaona ajabu kwamba wao wenyewe huandika kwenye kompyuta wakiwa wamesimama, na kiti kiko pale.

Nilingoja mpaka mvua ya alasiri ikaja na kuondoka. Bilha hakurudi.

Jumatatu, 24 Machi. Kitale

Nimepiga simu famasi ya Bungoma. Bilha ametoka kidogo.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepiga tena. Simu akashika Daud. "Bilha? Ai, umemkosa, bana. Ametoka tu." Nikamuuliza hutoka kwenda wapi. Akasema mtandao ni mbaya, ati hanisikii, na mimi nilikuwa namsikia hadi anavyomeza mate.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwandikia Bilha barua pepe. Hakuna jibu. Nimemwandikia ya pili, yenye heshima pungufu kuliko ya kwanza.

Mahindi ya watu yamechomoza kando ya barabara. Kila mtu hapa ana furaha isipokuwa mimi.

Jumanne, 8 Aprili. Bungoma

Leo nimeona kwa macho yangu, na damu bado inanichemka.

Nilifika bila kuwaambia. Bilha, bila shaka, alikuwa ametoka kidogo. Nilipokuwa nachunguza nyaya chini ya meza akaingia mama mmoja kutoka upande wa Lugulu, mke wa Mzee Sifuna. Mzee ana saratani ya mfupa, hawezi kugeuka kitandani bila morfini, na mama huyu huja kila wiki kumchukulia. Alisimama dirishani, kitambaa kimelowa, akasema tu, "Jana amelia, Phelista. Mzee mzima vile." Phelista akamshika mkono kwanza. Halafu akaenda kwenye kompyuta, akasimama mbele ya kile kiti, akaandika. Kabati likafunguliwa.

Mama alipoondoka nikatoka chini ya meza. "Nani ameidhinisha hiyo dawa?"

"Bilha," Phelista akasema.

"Bilha gani? Hayuko hapa."

Daud akaingilia. "Madam, si mgonjwa amepata dawa?"

Amepata, na sina neno na hilo. Lakini sasa nimeelewa mchezo. Huyu Bilha ni mvivu wa kutupwa. Amewaachia paswadi yake, anakaa nyumbani kunywa chai, mwisho wa mwezi anapokea mshahara wa mkuu, na hawa wawili wanamfichia. Mimi nanyeshewa njia nzima kutoka Kitale kwa ajili yake! Baada ya Pasaka nampelekea Kipkoech habari hii yote, na Phelista naye ajitayarishe kujieleza. Sikumpenda tangu siku ya kwanza.

Jumamosi, 19 Aprili. Kamukuywa

Nimekuja nyumbani kwa Pasaka, Mama akanipa jembe kabla ya chai. Tumepalilia mahindi asubuhi nzima. Udongo unashika jembe na mgongo wangu umezoea kiti, lakini kupiga domo na Mama shambani hakuna mfano. Nilikuwa namsimulia kazi yangu, na bila shaka nikafika kwa Bilha. Nilimchambua. Nikasema hata kama ni mtu wa kwetu, mwanamke gani huyo asiyekaa kazini, Bilha Nasimiyu, ati mkuu wa famasi.

Mama akasimamisha jembe. "Bilha wa Wabwile? Wa hospitali ya Bungoma?"

"Huyo huyo. Unamjua?"

"Nelima, mama, huyo tulimzika mwezi wa nane. Mimi nilikuwa upande wa kupika. Ilitunyeshea mpaka kwa sufuria."

Nilikaa chini kwenye matope, na Mama akafikiri nimeugua.

Nimemtukana marehemu kwa majuma matatu. Nimemwandikia barua pepe. Ya pili nilimwambia akumbuke kwamba wengine tuna kazi za kufanya. Ee Mungu wangu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu jambo moja tu kichwani: kwenye ofisi ya wafanyakazi Bilha lazima ameandikwa kwamba amefariki. Draiva ikiwashwa tarehe kumi na sita, itamfungia papo hapo. Na famasi ya Bungoma haina mkuu mwingine. Mke wa Mzee Sifuna atakuja na kukuta kabati halifunguki.

Jumanne, 22 Aprili. Bungoma

Nilienda na hasira, nimerudi sina hata ya kuazima.

Nilimwomba Phelista tutoke nje. Tukasimama chini ya paa la mabati ya jikoni, mvua ikipiga juu kiasi kwamba hakuna ambaye angetusikia. Nikamwambia, "Mama Phelista, mimi ni wa Kamukuywa. Mama yangu alipika kwa matanga ya Bilha."

Akavua miwani.

"Basi umejua," akasema. "Nimechoka kukudanganya."

"Kwa nini hamkusema? Kwa nini mwingine hakupewa cheo?"

"Nilipewa mimi." Akacheka kicheko kibaya. "Tulizika Jumamosi. Jumanne nikapata barua pepe kutoka Kitale. Kichwa chake, 'Hongera!' Na alama ya mshangao. Ati kuanzia leo wewe ndiye mkuu wa famasi, bonyeza hapa ukubali. Emmy, mimi Bilha ndiye alinifundisha kazi. Alinishika mkono nikiwa sijui kusoma mwandiko wa daktari. Udongo wa kaburi haujakauka, bwanake hajaitwa, wafanyakazi hawajaambiwa, na mimi nibonyeze? Niingie kwa kiti chake kimyakimya? Watu watasema nini? Si watasema nilikuwa nangoja afe?"

"Kwa hivyo hukubonyeza."

"Sikubonyeza. Nikangoja mtu aje atuite pamoja, aseme mbele ya watu. Hakuna aliyekuja. Huko Kitale wakaandika nafasi iko wazi, wakasahau. Na wagonjwa hawakungoja. Siku ya kwanza alikuja mtoto aliyeungua na maji moto. Ningefanya nini? Nilikuwa najua paswadi ya Bilha, nikaingia kwa jina lake. Nikasema ni leo tu. Mpaka leo."

Akafuta macho kwa ncha ya koti lake jeupe. Nikamuuliza kama anajua kwamba kutumia jina la marehemu kutoa morfini kunaweza kumfukuzisha kazi, pengine hata kumnyang'anya leseni.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana silali."

Nilimwambia mimi sitamsema. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, lilitoka tu. Huyu ndiye mwanamke niliyemwandika hapa kwamba simpendi.

Alhamisi, 24 Aprili. Kitale

Nimefanya jambo. Ndani ya draiva kuna kanuni, na kanuni ni mimi ninayeziandika. Nimeongeza moja ndogo, ya kuiambia draiva ikifika kwa Bilha impite, isimguse. Hivyo tarehe kumi na sita ikija, akaunti yake itabaki wazi, Phelista atakuwa salama, Mzee Sifuna atapata dawa, na hakuna atakayejua. Nimelala usingizi mzito.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Nimeambiwa kule Bungoma stima ilipotea, ikarudi, ikapotea. Draiva, ingawa bado ni ya majaribio, ikajiwasha yenyewe ilivyopaswa. Sijivuni.

Ijumaa, 2 Mei

Nimepiga simu famasi kuuliza tu wako aje. Daud akasema, "Madam, Phelista ameanza kula tena chapati." Nikafurahi siku nzima.

Jumanne, 6 Mei

Mambo yamelipuka.

Kipkoech aliniita kwa jina kamili. Kwenye skrini yake kulikuwa na matokeo ya jaribio, yaani draiva inaonyesha itakachofanya bila kukifanya. Akaniuliza taratibu, "Emmy, hawa wanawake wote wamekosea nini?"

Nikaangalia. Edith Nasimiyu, muuguzi mpya, hajafunguliwa akaunti. Joan Nasimiyu wa maabara, karukwa. Rose Nasimiyu, Sarah Nasimiyu, Metrine Nasimiyu. Safu nzima ya watu wenye damu na nyama, draiva imewapita kana kwamba hawakuzaliwa.

Haki ya Mungu nilitaka sakafu ipasuke. Kwenye ile kanuni yangu ndogo, kwa haraka, nilikuwa nimeandika jina la mwisho peke yake. Mtu wa Kitale wa kuja, asiyejua majina yetu, angesamehewa. Lakini mimi! Mimi ninayeitwa Nelima kwa sababu nilizaliwa watu wakipalilia, nisahau kwamba kila msichana wa kwetu aliyezaliwa wakati wa kiangazi ni Nasimiyu? Nusu ya Bungoma ni Nasimiyu. Nilikuwa nimewafungia mlango wote ili kumwachia mmoja wazi.

"Hii kanuni ni ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Ya kumficha nani?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwangalia akivua spika za masikioni na kuziweka mezani, jambo ambalo sijawahi kuliona, na nikajua nikidanganya sasa nitadanganya mpaka Juni. Nikamwambia yote. Bilha, kiti, paswadi, mtoto aliyeungua, mke wa Mzee Sifuna, na ile barua ya Hongera. Nikamwambia kama ni kufuta mtu, anifute mimi, kwa sababu Phelista ameshika ile famasi peke yake bila cheo, na watu wanapona. Sauti yangu ilipanda mpaka watu wa ofisi jirani wakachungulia.

Kipkoech akauliza, "Nani aliandika 'Hongera'?"

"Mfumo wa ofisi ya wafanyakazi. Barua inajiandika yenyewe."

"Siku tatu baada ya mazishi." Akatikisa kichwa. "Emmy, kwetu Kapsabet ukifanya hivyo watu hawakusalimii tena. Kwa nini hakuna aliyetuambia?"

"Mliuliza?"

Nikajiuma ulimi, lakini nilikuwa nimeshasema. Hakukasirika. Akasimama. Nasema alisimama! Kile kiti kikarudi nyuma chenyewe kikagonga ukuta. "Alhamisi tunaenda," akasema. "Na hiyo kanuni yako uitoe leo, kabla hujafuta kabila zima."

Nilicheka nikilia. Nilikwenda chooni kumalizia.

Alhamisi, 8 Mei. Bungoma, halafu Kamukuywa

Phelista alipomwona Kipkoech mlangoni, alishika meza. Alifikiri ndio mwisho. Daud akajipanga mbele yake kama askari, bila sababu, bana, akaniharibia heshima nikacheka.

Kipkoech hakukaa. Alisema, "Mama, pole kwa msiba. Nimechelewa." Phelista akaanza kulia pale pale. Halafu Kipkoech akamweleza kwamba ataandika kosa ni la mpangilio wetu, sisi wa Kitale. Mfumo ulimpa mtu mmoja tu uwezo wa kuidhinisha, na alipokufa hatukuhakikisha kuna mwingine. Amekwisha zungumza na mkurugenzi. Phelista hatashtakiwa, na dawa zote zilizotoka zitakaguliwa pamoja naye, si nyuma yake.

"Na cheo?" akauliza. "Bado unakikataa?"

"Sikukikataa. Nilikataa kukinyakua."

"Sasa kinatakiwa kutolewa na nani?"

Phelista akanitazama mimi, mimi nikamtazama Daud. "Mzee Wabwile, bwanake Bilha, ajue kwanza," nikasema.

Basi tukaenda Kamukuywa. Gari la hospitali lilikwama tukiwa karibu na soko, na Kipkoech, na viatu vyake vya kung'aa, akasukuma pamoja na wauza ndizi. Mama alituongoza. Mzee Wabwile alitupokea tumechafuka hivyo, akatuletea maji ya kunawa kabla ya kuuliza tunataka nini. Ni mtu mrefu, mpole, anayeongea akiangalia mlango. Kipkoech alieleza kila kitu, pamoja na kwamba jina la mkewe limekuwa likitoa dawa mpaka leo. Niliogopa neno hilo. Mzee akauliza, "Watu walisaidika?"

"Walisaidika," nikasema.

"Basi hakuna ubaya. Lakini sasa inatosha. Nitakuja."

Mama akawalisha wote kuku. Sijawahi kumpenda Kipkoech kama nilivyompenda akipambana na lile paja.

Jumatano, 14 Mei. Kitale

Jaribio la mwisho. Kina Nasimiyu wote wamo, na programu ya famasi imeongezewa nafasi ya pili ya kuidhinisha. Nimewaomba msamaha mmoja mmoja kimoyomoyo.

Ijumaa, 16 Mei. Bungoma

Jua limewaka asubuhi, kitu ambacho hatujakiona kwa siku nyingi, na maji yanatoka moshi barabarani.

Walikuja wote wanaoweza kuacha kazi: wauguzi, maabara, jikoni, askari wa lango. Famasi haikuwatosha, wengine wakasimama nje dirishani. Mzee Wabwile alivaa koti. Kipkoech alizungumza kwanza, kwa ufupi. Aliomba radhi kwa ile barua. Akasema hospitali inamshukuru Bilha, na tangu leo wanaoweza kuidhinisha dawa kali watakuwa watu wawili, ili siku nyingine pasikwame: Daud msaidizi, na Phelista mkuu.

Kisha Mzee akaenda kwenye kile kiti. Alichukua ile sweta ya maruni, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya kwapa. Akamgeukia Phelista.

"Mke wangu alikuwa anakusema kila jioni," akasema. "Phelista hivi, Phelista vile, mpaka nikaona wivu. Nilikuwa nangoja mniite nije niseme hili, nanyi mlikuwa mnaniogopa. Hakuna mtu wa kwetu anayesema ulingoja afe. Kaa."

Phelista hakusogea. Muuguzi mmoja akasema, "Kaa, mama." Akasema mwingine, akasema na mpishi. Daud akavuta kiti nyuma kidogo, na Phelista akakaa, mikono juu ya magoti, kama bibi harusi. Wanawake wakapiga vigelegele. Nililia bila haya yoyote.

Mzee akanitafuta kwa macho. "Na wewe wa kompyuta. Mfungie Bilha apumzike. Mtu akishakufa asifanyishwe kazi."

Nikabonyeza. Draiva ikawaka, ikasoma majina ya ofisi ya wafanyakazi, ikaanza kupita famasi. Ilimfungia Bilha Nasimiyu. Ilimfungulia Phelista, ikampa idhini. Ilimpa na Daud. Haikumgusa mwingine yeyote. Hakuna kosa hata moja, jamani, hata moja! Nilitoa pumzi ambayo nadhani nimekuwa nayo kifuani tangu Machi. Kipkoech akaniwekea mkono begani na kusema Jumatatu nipite ofisi ya wafanyakazi nichukue barua ya kudumu, na niisome vizuri nione kama wameandika Hongera.

Phelista akajaribu kuingia. Ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa, na Daud akachungulia vidole vyake. "Mama, si unaandika paswadi ya Bilha!" Chumba kizima kilicheka, na Mzee Wabwile alicheka kuliko wote, mpaka akashika ukuta. Phelista akafuta, akaandika yake, akaingia.

Watu walipokuwa wanatawanyika, mke wa Mzee Sifuna alijipenyeza hadi dirishani. Alikuwa anahema, amebeba viatu mkononi.

"Nimeambiwa huko langoni kompyuta zimebadilishwa," akasema. "Sitaki kuzungushwa leo. Nataka mkubwa wa hapa aniambie mwenyewe kama dawa ya mzee bado iko."

Daud alitaka kujibu, nikamkanyaga mguu.

Phelista alivaa miwani yake. "Mkubwa ni mimi, mama," akasema. "Iko."